Jopo Jipya, Mzigo wa Zamani

Soko la Toi liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Liliungua tena mwaka 2019, na tena Juni 2024. Pamoja na vibanda na marobota ya mitumba yaliteketea madaftari ya hesabu, na ni madaftari hayo tunayotaka kuyazungumzia.

Sheria ya Jopo la Rufaa za Ushuru ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2015, iliziondoa kamati za mitaa zilizosikiliza malalamiko ya ushuru wa mapato, pamoja na jopo la ushuru wa thamani ya ziada, na kuweka mahali pake jopo moja. Sheria nyingine zikarekebishwa zilitaje jopo jipya. Kazi hiyo twaisifu, kwani mwananchi asiyejua abishe mlango upi hana haki yo yote.

Lakini kubadili jina katika vitabu vya sheria ndiyo sehemu iliyo rahisi. Kifungu cha 30 kinamtwika mkata rufaa mzigo wa kuthibitisha kwamba amekadiriwa kupita kiasi. Mwenye kampuni hufungua kabati akatoa hesabu za miaka mitano, kama sheria itakavyo. Mama wa Toi atatoa nini? Majivu? Wala asidhaniwe kuwa yu mbali na mkono wa ushuru. Tangu Julai 2023 ushuru wa mauzo, asilimia 3, huanzia mauzo ya shilingi milioni moja kwa mwaka, yaani kama shilingi 2,740 kwa siku, kabla ya kuondoa bei ya robota, kodi ya kibanda na nauli. Kisha sheria iliweka ada ya rufaa ya shilingi 20,000, isiyorudishwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 48, yasema ada isimzuie mtu kuifikia haki.

Sisi tulioshangilia kufutwa kwa kifungu cha 2A Desemba 1991 tulidhani sheria nyingine zitafuata zenyewe. Hazikufuata.

Twalitaka Bunge liongeze maneno machache katika kifungu cha 30: palipotokea moto au ghasia, jopo lipokee ushahidi wa jirani wa kibanda, wa muuza marobota wa Gikomba, na wa kumbukumbu za M-Pesa. Ada nayo ilingane na kiasi kinachobishaniwa.

Makanisa yaliyo karibu na soko yasingoje Bunge. Yawaeleze waumini kwamba pingamizi hupelekwa kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu kupokea makadirio, na rufaa kwa jopo ndani ya siku 30 tangu uamuzi wa Kamishna. Jopo laweza kuongeza muda kwa mgonjwa, aliyekuwa nje ya nchi, au mwenye sababu nyingine ya haki. Kuunguliwa na kibanda, kwa maoni yetu, ni sababu ya haki, na iandikwe hivyo katika ombi.