Jinamizi na Zamu ya Usiku

Katika makambi ya mashamba ya chai ya Mufindi, mkoani Iringa, si jambo geni asubuhi kumsikia mfanya kazi akisema kwamba usiku alikabwa: macho yamefunguka, chumba anakiona, lakini mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na kifuani ni kama amekaliwa na mtu. Hilo ndilo jinamizi. Linalotutia wasiwasi si jinamizi lenyewe, bali swali linalolifuata: ni nani aliyenijia? Na kidole, kama tujuavyo, huelekezwa kwa ajuza asiye na wa kumtetea.

Swali hilo limekwisha kuua. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi na wa roho kuwa juu, Pemba na Unguja ziliingiwa na hofu ya Popobawa. Watu walilala nje, makundi kwa makundi, wakiota moto. Huko Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye.

Wataalamu wa usingizi wamekwisha kulieleza jambo hili. Tuotapo, ubongo huifunga misuli ili tusizitende ndoto zetu. Pengine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa, nayo ndoto ikaendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Baada ya dakika chache hupita. Huwajia zaidi wenye mawazo mengi, waliokosa usingizi, na wanaobadilishiwa zamu kila mara. (Wako pia waotao huku wakijua kuwa wanaota, hao wana bahati yao.)

Basi mtu wa kiwanda cha chai ataepukaje? Jani likichumwa halingoji, na mashine hunguruma usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya kazi na kazi. Lakini sheria hiyo hiyo yaruhusu, kwa mapatano ya maandishi, saa hizo zishuke hadi 8 kwa anayeishi mahali pa kazi, na huyo ndiye mtu wa kambini hasa. Katika saa hizo 8 atembee, aoge, ale, awasikilize watoto, awaze deni la dukani. Atalala saa ngapi?

Twawataka viongozi wa matawi ya wafanya kazi wayatafute mapatano hayo, wawasomee wanachama, na siku ya kuyatia saini upya waikatae hiyo saa 8.