Diski Haifundishi Kiingereza

Najua ukilipata jarida hili unakimbilia ukurasa wa vitendawili. Hakuna ubaya. Lakini leo nakuomba unipe dakika chache kwanza, kwa sababu nina neno limenikaa kooni tangu nikiwa Kidato cha Pili, na sasa niko cha Nne. Nikiondoka nalo nitakuwa nimewadhulumu wale wanaobaki.

Neno lenyewe ni kuhusu Kiingereza. Najua kuna atakayeguna, "Ati Kiingereza katika jarida la Chama cha Kiswahili? Huyu naye amepotea njia!" Sijapotea, ndugu yangu. Nisome mpaka mwisho kisha unihukumu.

Sote tunaijua sheria. Jumatatu hadi Alhamisi ni Kiingereza, Ijumaa ni Kiswahili. Siku za Kiingereza, atakayenaswa akisema Kiswahili au lugha ya nyumbani hukabidhiwa diski, kile kipande cha mbao chenye kamba. Atatembea nacho mpaka amnase mwenzake, naye amkabidhi. Jioni majina yote yanasomwa, na walioandikwa wanajua watakayokutana nayo. Si jambo geni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake "Decolonising the Mind" cha mwaka 1986 jinsi watoto wa enzi za ukoloni walivyoadhibiwa na kuaibishwa kwa kusema Gĩkũyũ shuleni. Mkoloni alifunga virago mwaka 1963. Diski ilibaki.

Sasa niungame. Mimi nilikuwa kiranja wa darasa, na kalamu iliyoandika majina hayo ilikuwa yangu. Niliandika bila huruma, na mwandiko mzuri juu!

Jirani yangu wa dawati hakuwahi kuingia katika orodha yangu. Si kwamba alikuwa bingwa wa Kiingereza, la hasha. Alikuwa ameamua kunyamaza tu. Kuanzia Jumatatu asubuhi mpaka Alhamisi jioni alikuwa bubu, akitaka chumvi mezani anaonyesha kwa kidole. Ijumaa ikifika anafunguka kama bomba, na hapo ndipo tulipokumbuka kuwa ana sauti. Siku moja mwalimu alimwinua aeleze kazi ya mzazi wake. Akajikaza, akasema kwa Kiingereza kwamba mama yake ni "cooker" katika hoteli. Jamani! Darasa zima lilivunjika mbavu, maana alikuwa amemgeuza mama yake kuwa jiko. Nami nilicheka, tena nadhani ni mimi niliyecheka zaidi. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena muhula mzima.

Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi. Je, kosa la rafiki yangu lilikuwa la mjinga? Hebu tulichunguze. Alijua kwamba anayefundisha, yaani "teach", ni "teacher". Anayelima, "farm", ni "farmer". Anayeimba, "sing", ni "singer". Basi anayepika, "cook", kwa nini asiwe "cooker"? Huyo si mjinga. Huyo ameona kanuni na kuitumia. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa neno hili halifuati wenzake: mpishi ni "cook" tu, na "cooker" ni chombo cha kupikia. Alihitaji mtu wa kumweleza hayo kwa dakika moja, akapata vicheko vya watu arobaini.

Tena tusijifanye kwamba hayo ni ya Kiingereza peke yake. Anayesoma ni msomaji, anayeimba ni mwimbaji. Je, anayeiba ni mwibaji? Hapana, ni mwizi. Anayelinda ni mlinzi, anayejenga ni mjenzi, anayelewa pombe ni mlevi. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema "mwibaji" tutamrekebisha kwa upole, tena tutamsifu kwamba anajaribu. Mbona mwenzetu akisema "cooker" tunamzomea?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, na naomba mwipime. Nasema kwamba Kiswahili tunachokijua ndicho ngazi nzuri zaidi ya kupandia Kiingereza, hasa katika sarufi na uundaji wa maneno. Anayetunyang'anya ngazi hiyo siku nne kila wiki hatusaidii kupanda. Anatuacha chini tukitazama juu.

Nitatoa mifano, msije mkasema napiga domo.

Kidato cha Tatu, wakati wa masomo ya jioni, tulipewa zoezi la kuunda maneno ya ukanushaji. Niliona "impossible", "illegal", "irregular", "incorrect", nikakata tamaa. Kwa nini hawa Waingereza wasichague kiambishi kimoja wakakaa nacho? Nikaanza kukariri kama kasuku. Yule jirani yangu alikuwa kando akifanya zoezi la ngeli ya U-ZI, na ngeli ndizo chakula chake. Nikamwona anaandika: ubao, mbao, ubavu, mbavu, ulimi, ndimi. Nikamnong'oneza, kwa Kiswahili na ilikuwa Jumanne, "Kwa nini ubao inakuwa mbao na ulimi inakuwa ndimi?" Akaniangalia kama anayeangalia mtego, maana kiranja ni mimi. Kisha akanijibu, "Ni ile sauti ya 'n' ya wingi. Ikikutana na 'b' mdomo unaigeuza kuwa 'm'. Ikikutana na 'l', ile 'l' inageuka kuwa 'd'. Ni kurahisisha matamshi tu."

Nikarudi kwenye daftari langu, na ni kama mtu aliwasha taa. Kiambishi cha Kiingereza ni kimoja, "in-". Kikikutana na "p", "b" au "m", kinakuwa "im-". Kikikutana na "l" kinakuwa "il-", na kikikutana na "r" kinakuwa "ir-". Ni mdomo uleule wa binadamu, unaokwepa kazi ngumu Mombasa kama unavyoikwepa London! Maneno niliyokuwa nikariri usiku kucha niliyaelewa kwa dakika tano, na aliyenielewesha ni mtu ambaye darasa lilimhesabu kuwa hajui kitu.

Mfano wa pili. Kuna jambo lililokuwa likinitesa sana: kwa nini "unable" iwe na "un-" lakini "inability" iwe na "in-"? Kwa nini "unjust" na papo hapo "injustice"? Jibu liko katika historia. Kiambishi "un-" ni cha Kiingereza cha asili. "In-" kina asili ya Kilatini, na maneno mengi yenye asili hiyo yalimiminika Uingereza baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia mwaka 1066, ambapo lugha ya watawala ikawa Kifaransa kwa muda mrefu. Kwa hiyo Kiingereza ni nyumba yenye koo mbili, na kila ukoo una desturi zake.

Je, si sisi hao? Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokopa sana kutoka Kiarabu. Maneno yetu ya asili huunda nomino kwa namna moja: penda, upendo, cheza, mchezo. Yaliyotoka Kiarabuni mara nyingi huja na desturi zake: shukuru, shukrani, samehe, msamaha, abudu, ibada. Hatushangai kwa sababu tumezoea. Anayeelewa kwamba lugha yake ina koo mbili hatashtuka akikuta mambo hayohayo kwa jirani.

Mfano wa tatu ni minyambuliko, ambayo tunailalamikia kila Ijumaa. Maandishi yanayoweza kusomwa tunasema yanasomeka, na Mwingereza anasema "readable". Kile "-able" kinafanya kazi inayokaribia kauli yetu ya kutendeka. Fupi tunaifanya fupisha, naye "short" anaifanya "shorten". Refu tunaifanya refusha, naye "long" anaifanya "lengthen". Ukishajua ni kazi gani neno linafanya, kilichobaki ni kujifunza linavaa sare gani upande wa pili.

Lakini tuseme kweli: sare hizo ni nyingi, na hapo ndipo mazoezi yanapohitajika. Kiswahili kina "u-" moja inayofungua milango mingi: utoto, urafiki, ujinga, ufalme. Kiingereza kina ufunguo wa kila mlango: "childhood", "friendship", "ignorance", "kingdom". Hakuna kanuni itakayokuambia kwa uhakika ni ufunguo upi. Lazima uyasome, uyaandike, uyaseme, ukosee, urekebishwe, useme tena. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote aache kufanya mazoezi ya Kiingereza. Karatasi ya Pili ya Kiingereza katika KCSE ina sehemu ya sarufi, na umbo la neno ukilikosea hakuna mtahini atakayekuonea huruma kwa sababu unajua ngeli.

Ninachosema ni kwamba mazoezi yanahitaji mdomo uliofunguka, na diski inafunga mdomo. Aliyenyamaza hakosei, na asiyekosea harekebishwi. Orodha yangu ya ukiranja ilikuwa fupi wiki nyingi, nasi tukadhani Kiingereza kimestawi. Kumbe kilichostawi ni ukimya.

Najua watu watakavyonijibu, maana hoja hii tumeijadili bwenini mpaka taa zikazimwa. Wa kwanza atasema, "Tukiachiwa, hatutasema Kiingereza kabisa, tutasema Sheng kutwa." Kuna ukweli hapo, sikatai. Binadamu hupenda mteremko. Ndiyo maana sisemi siku za Kiingereza zifutwe. Zibaki. Lakini anayekwama katikati ya sentensi aruhusiwe kuuliza, "Mpishi tunasemaje?" bila kuvishwa ubao kama mhalifu.

Wa pili atasema kwamba kuchanganya lugha ndiko kunakozaa Kiingereza cha kutafsiri neno kwa neno, kama yule anayesema kwa Kiingereza kwamba anasikia njaa, kana kwamba njaa inapiga honi. Hilo nalo ni kweli. Lakini dawa yake ni kuzilinganisha lugha mbili waziwazi, mwalimu akionyesha, "Hapa zinafanana, hapa zinaachana." Ukificha Kiswahili chini ya dawati hakiondoki kichwani. Kinaendelea kutafsiri kimyakimya, bila wa kukirekebisha.

Aidha, tukumbuke Katiba yetu ya mwaka 2010. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kinaitaka dola pia kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Sasa mtoto anayeadhibiwa kwa kusema lugha ya taifa lake ndani ya taifa lake anajifunza nini? Kiingereza hajifunzi. Anajifunza kwamba anachotoka nacho nyumbani ni kitu cha kuonewa aibu.

Mkosoaji asiye na pendekezo ni kama anayebomoa nyumba mvua ikinyesha. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa walimu wetu wapendwa na kwa wenzangu.

Kwanza, diski ichomwe jikoni, ipikie githeri. Itakuwa imetufaa kwa mara ya kwanza.

Pili, Chama cha Kiswahili na kile cha Kiingereza vikutane mara moja kila wiki mbili. Tuchukue neno moja, kwa mfano "haki", tulitafutie jamaa zake: haki, hakika, hakikisha, uhakika. Kisha tuvuke upande wa pili: "just", "justice", "justify", "unjust", "injustice". Anayejua upande mmoja amfundishe mwenzake.

Tatu, kila mmoja awe na daftari dogo la koo za maneno. Usiandike neno moja pekee yake kama yatima. Liandike pamoja na nomino yake, kitenzi chake, kivumishi chake na kinyume chake, kisha utunge sentensi yako mwenyewe kwa kila moja. Matano kwa siku yanatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi na jirani yangu tumefanya hivyo tangu usiku ule wa mbao na ndimi. Sitawadanganya kwamba sasa tunaongoza darasa. Yeye bado anasema Kiingereza polepole, akipima kila neno. Lakini anasema. Muhula uliopita aliinua mkono katika somo la Kiingereza, akajibu, akakosea kidogo, mwalimu akamrekebisha, akarudia vizuri, akaketi. Hakuna aliyecheka. Mimi kiranja wa zamani nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikijifanya natafuta kalamu.

Ukiranja niliuacha mwaka jana. Daftari la majina bado ninalo, na kurasa zake za nyuma ndimo niandikamo koo za maneno. Ukitaka kunakili, njoo dawati la pili karibu na dirisha. Uliza kwa lugha yoyote uipendayo.