Kibao cha mwendo kinapashwa kusimama wapi?

Wandugu, kila treni inapoanguka katika nchi yetu, neno la kwanza ni lilelile: mashinisti alikimbia. Sisi wa sindika ya mine tunalijua. Hata kule chini, ajali ikitokea, lawama inaanza na mfanyakazi. Tuulize kwanza: alionywa wapi apunguze mwendo?

Hapa Simi-Simi tuko ngambo ya kuume. Reli iko ngambo ingine, Lubunga. Ilifika Ubundu, wakati ule Ponthierville, mwaka 1906: kilometa 125 za kuzunguka maporomoko ya Boyoma. Kwa njia mzee namna hii, kibao cha mwendo si mapambo.

Na kibao kimoja hakitoshi. Vinapashwa kuwa vitatu. Cha kwanza kinaonya, na kinasimama mbali mbele ya pahali pabovu, juu treni nzito haisimami kama pikipiki. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kufunga freni inazidi karibu mara ine. Kwa hiyo kibao cha kwanza kikisimamishwa palepale kwenye kona kinasema kweli, lakini kimechelewa. Cha pili kinaonyesha mwanzo wa mwendo mdogo, cha tatu mwisho wake. Kwa reli za Ufaransa hivi viwili vinaandikwa Z na R. Na mashini ikipita R, mashinisti hakimbii bado; anangoja wagoni ya mwisho ipite.

Namba iwe kubwa, rangi irudishe mwangaza wa taa usiku, majani yakatwe. Kwetu majani yanakua haraka kuliko barua za biro.

Mwezi wa 4 mwaka 2014, Katongola karibu na Kamina, watu zaidi ya 50 walikufa. Mwezi wa 3 mwaka 2022, Buyofwe kule Lualaba, 75. Zote mbili zilikuwa treni za mizigo, na watu walikuwa wamepanda. Hatusemi ni kibao ndicho kilikosekana. Tunasema uchunguzi wowote uonyeshe vibao vilisimama wapi, mbele ya kumfunga mashinisti.

Tena, kibao hakitengenezi reli. Kila kibao cha muda kiandikwe tarehe. Kikizeeka pale, tutajua ni nani hakufanya kazi yake, na hatakuwa mashinisti.