Akisemewa, hakikisheni ni maneno yake

UMEWAHI kuitazama sura ya mtu mzima mwenye akili zake timamu anaposemewa asichokisema? Fika katika zahanati yoyote mtaani. Mzee aliyepatwa na kiharusi ameketi kwenye kigari, mwanawe kasimama nyuma. Daktari hamtazami mzee. Anamuuliza kijana: "Anasikia uchungu wapi?" Naye kijana, kwa haraka zake za kurudi kazini, anajibu: "Kichwani." Mzee anakunja uso, anaguna, anapungia mkono tumboni. Nani anajali? Dawa ya kichwa imeshaandikwa.

Kiharusi, mtindio wa ubongo, saratani ya koo na maradhi yanayodhoofisha neva yanaweza kumnyang'anya mtu ulimi, na mara nyingi fahamu zake zikabaki salama. Lakini walimwengu hawana habari. Mtu akishindwa kutamka, wanampandishia sauti kana kwamba ni kiziwi, au wanambembeleza kama mtoto wa chekechea.

Msaada upo wa aina mbili: wa binadamu na wa mashine. Tuanze na binadamu, maana ndiye wa kale.

Mnamo Desemba 1995, Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle nchini Ufaransa, alipigwa na kiharusi kikampooza karibu mwili mzima. Alichobakia nacho cha kuzungumzia ni ukope wa jicho la kushoto. Msaidizi wake, Claude Mendibil, alimsomea herufi moja moja, akianzia zile zitumikazo sana katika Kifaransa, na ilipofika aitakayo Bauby alipepesa. Herufi kwa herufi, kitabu kizima kikaandikwa. Kilitolewa Machi 1997, naye akafariki siku chache baadaye.

Huko Marekani, tangu 2001 kampuni za simu zinalazimika kuwapa watu wenye matamshi mazito huduma ya pekee. Unapiga nambari 711, unapata mtu aliyefunzwa kuyaelewa matamshi ya aina hiyo. Ukisema neno, yeye analirudia kwa ufasaha ili aliye upande wa pili asikie. Anarudia maneno yako tu, hana ruhusa ya kutia chumvi.

Natilia mkazo hilo la chumvi kwa sababu lipo lililowahi kuharibika. Katika miaka ya 1980 na 1990, ilienea kutoka Australia hadi Marekani mbinu ya kumshika mkono mtu asiyesema, hasa mwenye usonji, ili aguse herufi. Ghafla watoto waliodhaniwa hawaelewi kitu wakawa wanatunga mashairi. Wazazi walilia kwa furaha. Kisha wataalamu wakafanya jaribio jepesi: mtoto akaonyeshwa picha moja na msaidizi nyingine bila kujua. Herufi zilizoguswa zilitaja picha aliyoiona msaidizi. Kumbe muda huo wote ni yeye aliyekuwa akiandika, wala hakuwa akijijua! Mnamo 1994, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitangaza kwamba mbinu hiyo haina uthibitisho wa kisayansi. Kufikia hapo, kuna familia zilizokuwa zimeshavunjika kwa mashtaka ya unajisi yaliyoandikwa kwa njia hiyo hiyo.

Haya sasa, mashine. Wengi mnamkumbuka Stephen Hawking, yule mwanasayansi Mwingereza aliyefariki 2018. Mwaka 1985 aliugua nimonia, akatobolewa koo, sauti ikapotea kabisa. Aliongea kwa tarakilishi, akichagua maneno kwa kubonyeza swichi mkononi, na baadaye kwa kusogeza msuli wa shavu. Mnamo 2014 alipewa programu mpya iliyosomeshwa maandishi yake mwenyewe, ikawa inabashiri neno atakalo kabla hajalimaliza. Ile sauti ya roboti yenye lafudhi ya Kimarekani, hata hivyo, alikataa isibadilishwe. Alisema ndiyo yake.

Tangu hapo akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo jirani zetu Watanzania, imepiga hatua kubwa. Zipo programu za simu zinazojifunza matamshi ya mtu mmoja, yawe mazito vipi, kisha zikayatoa kwa sauti safi. Zipo zinazohifadhi sauti ya mgonjwa kabla haijapotea. Na zipo zinazopewa maneno mawili tu zikakutungia sentensi nzima, yenye adabu na kila kitu.

Hizi za mwisho ndizo zinazonitia wasiwasi. Mtu anayetumia dakika nzima kuandika neno moja akiletewa sentensi iliyokwisha kupikwa, ataikubali hata kama si hiyo aliyotaka, maadamu amechoka na watu wanamsubiri. Tofauti yake na yule mshika mkono ni ipi? Tena programu nyingi zilianza kufunzwa kwa Kiingereza. Kiswahili chetu kinageuza maana kwa silabi moja mwanzoni mwa neno: "nitakubali" na "sitakubali", "ataumwa" na "hataumwa". Silabi hiyo ikimezwa na ulimi mzito, mashine itakisia, na mgonjwa atakuwa amekubali upasuaji alioukataa.

Sisemi tuzikatae. Mwanafunzi wa chuo mwenye mtindio wa ubongo anayeweza kuuliza swali darasani bila kumngoja dada yake, nani atamnyima? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano imfaayo. Nasema tu kwamba simu isomeshe sentensi kwake kwanza, aikubali au aifute, ndipo wengine waisikie. Na msaidizi naye afanye vivyo hivyo: "Umesema tumbo, sivyo?" Kisha angoje. Kungoja ndiko kunakotushinda wakazi wa mjini.

Nyumbani hamhitaji hata simu ya bei ghali. Kateni kadi ya manila, mbandike picha za chakula, choo, maji, maumivu, majina ya jamaa, na herufi kwa anayejua kusoma. Mwacheni aonyeshe kwa kidole au kwa jicho, na msimshike mkono. Wengi huanza na picha ya chakula na ya choo. Mimi ningeanza na kadi moja kubwa, niiweke pale anapoifikia kwa urahisi kuliko zote, iliyoandikwa: "Sivyo, hujanielewa."