Sayansi ya ndizi na sabuni

Baridi ya hapa Leicester ndiyo inanikomesha.

Juzi nilikwenda kujitolea sekondari moja ya hapa. Uingereza kuna mpango unaitwa STEM Ambassadors: wahandisi, mafundi na wengineo wanaingia madarasani bila malipo. Hawaendi kuhutubia tu, wanakwenda pia kufanya sayansi na watoto.

Tulikuwa watatu. Kila mtoto aliponda ndizi mbivu kwa maji, chumvi na sabuni ya vyombo, akachuja, kisha akamimina taratibu spiriti kali iliyotoka kwenye friji. Sabuni inavunja utando wa seli, DNA inatoka. Kwa kuwa haiyeyuki kwenye spiriti, inajikusanya kama nyuzi nyeupe. Binti mmoja aliyekuwa anasinzia aliivuta kwa kijiti, akapiga kelele!

Mimi nilinyamaza jamani. Biolojia nilifaulu kwa kukariri michoro ya ubaoni. DNA nimekuja kuiona na miaka 41, ughaibuni, kwenye ndizi!

Najua mtasema maabara ni ghali. Kweli, na yapo majaribio yasiyofanyika bila maabara. Lakini hili lilihitaji nini ambacho duka la Mangi na duka la dawa hayana? Lilihitaji watu watatu na saa moja.

Kaka, wewe ni fundi maabara wa hospitali, na sekondari ya kata iko nyuma ya nyumba yako. Kamwone mkuu wa shule. Hela ya spiriti natuma mimi.

Nawasilisha.