Kidato cha Pili Wasome Nini?

Kusoma kitabu kimoja kila mwezi ni lengo linalotekelezeka kwa mpenda vitabu anayeishi hapa Ilomba, Mbeya, mradi awe mtu mzima. Mwanafunzi wa kidato cha pili akijiwekea lengo hilohilo atakwama kabla ya likizo ya Juni, na uvivu hautakuwa sababu. Hadithi za sungura na fisi ameshazimaliza shule ya msingi. Riwaya nyingi za watu wazima bado zinamwelemea. Kwa msomaji wa miaka 13 hadi 18 anayetaka hadithi ya Kiswahili inayomhusu yeye, akiba ni ndogo mno, na sehemu kubwa ya hiyo ndogo ni vitabu teule vya mtihani.

Ndiyo maana siafiki wanaosema vijana wa siku hizi hawasomi. Wanasoma sana, ila wanasomea kwenye simu. Hadithi za mfululizo walizokuwa wakizifuata kaka na dada zao katika magazeti, kama zile za Eric Shigongo, leo zimehamia WhatsApp na Facebook. Mtunzi anatoa sehemu za mwanzo bure, utamu ukikolea anaomba alipwe ndipo aendelee. Nyingine ni nzuri kweli. Nyingine zimejaa ngono na makosa ya tahajia, maana hakuna mhariri aliyezipitia. Lakini mtoto anayekesha akisubiri sehemu ya kumi na nne ni msomaji kamili. Kinachokosekana ni kitabu cha kumpa baada ya hapo.

Vitabu teule vya kidato cha tatu na cha nne vimekaa shuleni muda mrefu kiasi kwamba mzazi na mwanawe wanaweza kuwa wamevisoma vilevile. Kukaa muda mrefu peke yake si kosa. *Takadini* ya Ben Hanson bado ina nguvu zake: Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, anatoroka naye ili asiuawe, na kijana huyo anakua akijifunza kupiga mbira na hatimaye anapendwa. Katika nchi iliyoshuhudia watu wenye ualbino wakiwindwa, kitabu hiki kina kazi ya kufanya, na kijana wa miaka 15 anakielewa bila kusaidiwa. Ningekibakiza. *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo nacho ningekibakiza, japo ada inayowafukuzisha shule watoto wa hadithi hiyo imeshafutwa: ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Njaa ya nyumbani kwa Mama N'tilie haikufutwa na waraka wowote.

Ninachokitilia shaka ni *Kilio Chetu*, tamthiliya ya Medical Aid Foundation ya mwaka 1996. Wakati ule ilisema jambo ambalo wazazi waliona haya kulisema: watoto wafundishwe elimu ya jinsia mapema. Hoja hiyo bado hai. Lakini mhusika wake Joti anakufa kwa UKIMWI, na mlango unafungwa hapo. Mwaka 1996 dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure nchini, zilianza 2004. Sasa tazama tunakoishi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza nchini. Katika madarasa ya Nyanda za Juu Kusini wamo wanafunzi waliozaliwa na virusi, wanaomeza dawa kila siku, wana afya njema na wanapanga maisha. Wamo wengine wengi ambao mama zao wanameza dawa hizo. Mwanafunzi wa namna hii anapoisoma *Kilio Chetu* mbele ya wenzake, anajikuta katika hadithi ambayo mtu kama yeye ana mwisho mmoja tu. Anahitaji riwaya ambayo msichana wa shule ya bweni anaficha kopo la dawa chini ya sanduku, anaogopa kumwambia rafiki yake, na anafika kidato cha sita. Sijaiona riwaya hiyo kwenye orodha ya shule.

Mtihani nao unachangia kuwatenga wanafunzi na vitabu hivyo. Swali la fasihi kwa kawaida humtaka mtahiniwa atoe hoja tatu kutoka kila kitabu, kwa hiyo wengi hununua kijitabu cha uchambuzi na kukariri dhamira, migogoro na wahusika bila kuifungua riwaya yenyewe. Ukikishika kitabu teule kilichopita mikono mingi utaona. Kurasa za mwanzo zimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa “ujumbe” na “taswira”. Kuanzia katikati karatasi ni safi kama zimetoka kiwandani jana.

Upande wa tuzo kuna nafasi ya kurekebisha uhaba huu wa hadithi za vijana, nayo haijatumika vizuri. Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa na Mkanada William Burt, iliwalenga vijana hasa, lakini miswada ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Waliotetea sharti hilo walikuwa na hoja: sekondari inafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi asiyesoma hadithi kwa lugha hiyo ataumia katika masomo yote. Nakubali. Hata hivyo, mtoto aliyelelewa kwa Kisafwa, Kinyakyusa na Kiswahili huwa msomaji kwanza kwa lugha anayoielewa bila kamusi. Kisha Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ikaja na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, mshindi wa kwanza akipata shilingi milioni 10 na kitabu chake kuchapishwa. Hilo ni jambo kubwa, la kujivunia. Lakini nyanja zake zimekuwa riwaya, ushairi, hadithi za watoto, na baadaye tamthiliya. Kijana hana chumba chake. Huko Kenya, Tuzo ya Jomo Kenyatta inatenga kundi la vijana mbali na la watoto, na Kiswahili kina sehemu yake humo.

Naomba TET iongeze nyanja ya riwaya za vijana, na miongoni mwa wasomaji wa awali wa miswada wawemo wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, kutoka Dar es Salaam na kutoka huku kwetu pia. Vitabu vitakavyoshinda vipelekwe maktaba ya mkoa pale mjini, na nakala nyingine zije katika shule za kata, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi kutoka Ilomba inatosha kumkatisha tamaa mtoto. Na shuleni mwalimu aruhusiwe kuviazimisha viende nyumbani, hata kama vingine vitarudi bila jalada.