WATU WALIOSIFIKA: Kapteni Hedley Verity

Hedley Verity alizaliwa tarehe 18 Mei, 1905, mjini Leeds katika jimbo la Yorkshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya makaa ya mawe, naye kijana alipotoka shuleni alimsaidia babaye katika kazi hiyo. Lakini haja ya moyo wake ilikuwa mchezo wa kriketi.

Alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, wa mpira wa polepole wenye kuzunguka na kugeuka ukigusa chini. Mahali hapo katika timu ya Yorkshire palikuwa na mwenyewe, Wilfred Rhodes, aliyepashika tangu mwaka 1898. Verity akangoja, akicheza katika vilabu vidogo. Alipoingizwa Yorkshire mwaka 1930 alikuwa amekwisha timiza miaka 25, umri ambao wengine hukata tamaa.

Faida ya kungoja ilionekana upesi. Tarehe 12 Julai, 1932, walicheza na Nottinghamshire, na Verity peke yake aliwatoa wapigaji wote 10, huku akiwaachia mbio 10 tu. Wasioujua mchezo huu na wafahamu kwamba hata leo hapana mrushaji katika michezo mikubwa aliyeipita hesabu hiyo. Mwaka 1934, katika uwanja wa Lord's, London, aliwatoa Waaustralia 15, na katika hao 14 aliwatoa siku moja. Hata Don Bradman, mpigaji aliyewashinda warushaji wa dunia nzima, alimheshimu, maana Verity alimtoa mara 8 katika michezo ya mataifa.

Mwaka 1938 Verity aliona kuwa vita vinakaribia. Alimwendea kanali mmoja wa kikosi cha Green Howards kuomba shauri, akapewa vitabu vya mambo ya kijeshi. Alivichukua safarini alipokwenda Afrika Kusini na timu ya Uingereza, akavisoma. Hakutaka kupewa cheo kwa sababu ya jina lake tu.

Tarehe 1 Septemba, 1939, siku Wajerumani walipoingia Poland, alicheza mara ya mwisho na Yorkshire, akawatoa watu 7 wa Sussex kwa mbio 9. Kisha akawa askari. Alitumika Bara Hindi, ambako aliugua sana, na Uajemi na Misri, na katika Julai 1943 akashuka na kikosi chake kisiwani Sisili akiwa kapteni wa kombania.

Usiku wa tarehe 19 kombania yake ilishambulia katika uwanda wa Catania. Nafaka iliyosimama shambani ilishika moto, na katika mwanga ule askari wakaonekana wazi mbele ya bunduki za adui. Verity alipigwa risasi kifuani. Akiwa amelala chini aliwaamuru watu wake waendelee. Walipolazimika kurudi nyuma, mtumishi wake askari alikataa kumwacha, na wote wawili wakatekwa.

Wajerumani walimtibu, kisha akavushwa mpaka bara la Italia. Kwao Yorkshire, mkewe na wanawe wawili waliambiwa kwanza kwamba amejeruhiwa na hajulikani alipo. Tarehe 31 Julai, 1943, akafa katika hospitali mjini Caserta, umri wake miaka 38.

Mwaka 1954 meli iliyochukua timu ya Uingereza kwenda Australia ilitia nanga Naples. Len Hutton, kapteni wa timu ile, ambaye alikuwa kijana mdogo wa Yorkshire katika siku za Verity, alishuka na wenzake wakaenda Caserta kulizuru kaburi lake.